Sindano za Dirishani

Habari za kifo cha Rehema zilinifikia kwenye simu, katika lile kundi letu la watumishi wa zamani ambalo siku nyingi halina kazi ila kutumiana salamu za Jumapili na picha za wajukuu. Nilikuwa nachambua maharage. Mtu aliandika kwamba Sista Rehema ametutoka, amezikwa jana alasiri Katesh, na chini yake zikafuata pole nyingi. Mwingine akaongeza kwamba alikuwa mtu mpole sana, japo ule mwaka ulimharibia kazi. Hakuna aliyeuliza mwaka gani. Tuliobaki wote tunaukumbuka, lakini anayeujua kwa undani ni mimi peke yangu, na nimekaa na jambo hilo mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Niliacha maharage nusu, nikaingia ndani kutafuta kanga ya kuendea msibani, na nilipokuwa napanga begi nikajikuta namkasirikia yeye kwa kufa kabla sijamwambia. Ni upuuzi kwa mtu wa umri wangu, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Hospitali yenyewe siitaji jina, kwa kuwa waliopo pale leo hawana kosa na wana matatizo yao ya kutosha. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, juu ya Dongobesh, wilayani Mbulu, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia ndani usipofunga mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Endagikot na cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya miezi michache ya maabara, na nilijiona nimeshatoka kimaisha. Nilipangiwa chumba kimoja na Rehema, mkunga aliyeletwa kutoka Pangani. Alinizidi miaka mitano, nikamwita dada tangu siku ya kwanza. Ukuta mmoja wa chumba chetu ulikuwa wa mbao tu, na nyuma ya mbao hizo ndipo palikuwa chumba cha chai cha wakubwa, kwa hiyo tulijua mambo ya hospitali kabla wenyewe hawajaamua kuyatangaza. Darini vilihifadhiwa vitunguu swaumu vya misheni, na nguo zetu zote zilinuka vitunguu swaumu, hata zile za kwendea kanisani. Rehema alilala na sweta mbili na soksi za sufu, na alisema yeyote aliyempangia Mbulu lazima alikuwa na kisa naye. Tulipika makande kwenye jiko la mkaa, yakachemka kuanzia mchana, naye kila mara aliyaonja na kusema kwamba maharage yetu yanahitaji nazi na yeye anahitaji jua. Kabla ya kwenda wodini aliipasha mikono yake juu ya jiko. Hata wodini aliomba awekewe jiko dogo kwenye kona, apashe mikono kabla hajamshika mama tumboni, kwa sababu aliona si haki mtu aliye kwenye uchungu ashikwe na mikono ya barafu. Metroni wetu, mama wa kwetu aliyezaliwa na kukulia kwenye baridi ileile, alilicheka sana jambo hilo. Alisema watu wa pwani ni kama vifaranga.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alikuja mfamasia mmoja kutoka mjini, Bwana Massawe, na masanduku mawili ya bati. Alikuwa mtu nadhifu, wa maneno machache, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitaka kujua ile sindano ya ergometrini, ambayo mama huchomwa akishajifungua ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimame, inadumu kwa muda gani katika mazingira yetu, na ikiharibika inageuka kuwa nini. Vichupa vya mzigo mmoja viligawanywa sehemu nne. Sehemu moja ilikaa kwenye friji la mafuta ya taa pamoja na chanjo, ya pili kwenye kabati lililofungwa, ya tatu dirishani katika wodi ya wazazi, na ya nne ilipelekwa zahanati ya Getanuwas, huko Hanang kwenye joto, ambako mganga aliifungia ndani ya kopo la biskuti kwa kuogopa vumbi. Kila mwezi mimi nilitakiwa kuchukua vichupa viwili kila mahali na kuvipima. Kazi hiyo ilikuwa ngeni kwangu na niliipenda upesi. Unavunja shingo ya kichupa, unadondosha tone kwenye kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe, kando yake unadondosha tone la dawa unayojua ni nzima, kisha unakisimamisha kibao ndani ya mtungi wenye kimiminika kidogo chini. Kimiminika kinapanda taratibu na kubeba yale matone, na kila kitu kilichomo ndani ya tone kinasimama mahali pake. Kibao kikikauka unakiingiza kwenye boksi lenye kitambaa cheusi, unawasha taa ya zambarau, unachungulia. Dawa nzima inaonekana doa moja la buluu, linang'aa. Dawa iliyovunjika doa lake hufifia, na pembeni hutokea doa jingine ambalo halikuwepo. Kwa macho ya kawaida maji ndani ya kichupa bado ni meupe, huwezi kujua lolote.

Sasa niseme kuhusu dirisha. Haukuwa mpango wa Bwana Massawe kuweka dawa dirishani, alikuta ndivyo wauguzi wanavyofanya, naye akaamua kupima mambo yalivyo. Friji lilikuwa dogo na limejaa chanjo, kwa hiyo sindano za wodi ziliwekwa kwenye trei juu ya kizingiti cha dirisha la mashariki, zimetolewa kwenye maboksi ili zichukuliwe haraka, na kioo kilikuwa wazi kidogo upepo uingie. Metroni alijivunia utaratibu huo. Alituambia mbele ya mfamasia kwamba Mbulu yenyewe ni friji, kwamba siagi ukiiweka pale Jumatatu, Ijumaa bado ni siagi. Sote tuliamini, na mimi mzaliwa wa kule niliamini kuliko wote. Tulimwonea huruma mganga wa Getanuwas na joto lake. Hakuna aliyefikiri kwamba ukungu ukishaondoka, jua linapiga trei ile mpaka adhuhuri, na kwamba dawa hii adui yake si joto tu, mwanga unaimaliza hata kwenye baridi.

Mwezi wa pili na wa tatu madoa yote yalikuwa sawa. Mwezi wa nne doa la dirishani lilikuwa limefifia, na juu yake kulikuwa na jingine, dogo, la rangi ya kijivujivu. Nilirudia mara tatu nikidhani nimechafua kibao. Mwezi uleule Bwana Massawe akaja kukagua, nikamwonyesha. Alichungulia kwenye boksi kwa muda mrefu, akanipongeza kwa mkono mtulivu. Nilimuuliza kama tuwaambie wodi, kwa sababu trei ya utafiti na trei ya kazi zilikuwa zimekaa pamoja, dawa ya mzigo uleule, tofauti yake ni mstari mwekundu tu niliouchora kwenye vichupa vyangu. Alifunika taa na kitambaa.

"Vibao viwili si ushahidi, Paskalina," alisema. "Ukiwaambia leo, kesho watahamisha trei, na utafiti wa mwaka mzima utakuwa umekufa. Na ile barua yako ya chuo inategemea utafiti huu. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Barua ya chuo ilikuwa ndiyo kila kitu kwangu. Alikuwa ameniahidi kwamba nikimaliza kazi ya miezi kumi na miwili bila kasoro, kila kichupa kikionekana kwenye daftari kilikokwenda, ataniandikia nikasomee maabara kwa miaka mitatu. Siwezi kumbebesha yeye mzigo wote. Alikuwa anarudi mjini, mimi nilikuwa nalala futi mbili kutoka kwa mkunga anayechoma sindano zilezile. Jioni ile tulikula ugali na mboga ya maboga, Rehema akaniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia kichwa kinauma. Akanipa chai ya tangawizi na kunifunika na blanketi lake. Mwezi wa tano doa la dirishani lilikuwa hafifu kiasi kwamba nililitafuta kwa penseli, na lile jingine ndilo lililong'aa. Niliandika kwenye daftari, nikafunga daftari.

Martha aliletwa mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu mzito, kutoka kijiji cha bondeni. Wanaume wanne walimbeba kwenye machela na mume wake Safari alikuwa mbele akiwafungulia njia. Ulikuwa uzazi wake wa tatu. Mtoto akatoka salama, wa kike, akalia vizuri, kondo likatoka zima. Rehema akaenda kwenye jiko lake la kona, akapasha mikono kama kawaida yake, akarudi kumkanda tumbo, na hapo damu ikaanza. Haya yote niliyasikia baadaye, kwa sababu mimi niliitwa tu kupima damu ya mume, kama inafaa kuongezewa mkewe, wakati hali ilikuwa imeshakuwa mbaya. Nilipoingia, Rehema alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, anakandamiza tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtoka yeye mtu wa sweta mbili. Aliniambia bila kugeuka kwamba amechoma mbili na mfuko haujikazi, na hajui kwa nini haujikazi. Kwenye bakuli kulikuwa na vichupa viwili vilivyovunjwa shingo. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Mbulu mjini kufuata mafuta ya taa.

Hapa ndipo mahali ninaporudi kila siku. Kwenye friji, hatua hamsini kutoka kile kitanda, kulikuwa na vichupa vyangu vyenye mstari mwekundu, dawa nzima, niliyokuwa nimeiona inang'aa wiki ileile. Nilijua. Hakuna mtu mwingine katika jengo lile aliyejua, ila mimi nilijua. Na nilichofanya ni kusimama na damu ya Safari mkononi, nikahesabu. Nilihesabu vilivyobaki, nikaona nikitoa viwili mwezi wa kumi na mbili hautatimia, nikafikiria nitaandika nini kwenye daftari, nikafikiria Bwana Massawe na kalamu zake. Sijui nilisimama muda gani. Nimejaribu kuupima muda huo kwa kila njia, kuna siku naona ni dakika moja, kuna siku naona ni kumi. Kisha nikakimbia. Nilirudi na vichupa viwili mfukoni mwa koti, na Rehema alikuwa ameshashuka kitandani, anamfunga Martha kidevu kwa kitambaa. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Vichupa nilivirudisha kwenye friji, baridi yake ikiwa bado haijapotea, na hesabu ya mwaka ikatimia.

Safari alipoambiwa alikaa kwenye benchi la nje, kofia magotini. Baadaye alisimama, akatuambia wote tuliokuwa mlangoni, "Poleni na kazi," akaenda kutafuta watu wa kumbeba mkewe. Hakurudi kuuliza chochote. Kule kwetu nyumba iliyofiwa na mama aliyetoka kujifungua, wazee walikuwa bado wanaiogopa, majirani hawaingii, moto hauombwi, watu hawaambiani neno mpaka miezi ipite. Kwa hiyo hata kama bonde la pili kulikuwa na nyumba nyingine iliyofiwa hivyohivyo, zisingekutana kulinganisha. Misheni walikataza desturi hiyo, lakini iliendelea kimyakimya, na mimi nashukuru na kuona aibu papo hapo kwamba ilinisaidia.

Siku ya tatu yake wakubwa walikaa kwenye chumba cha chai. Rehema alikuwa wodini, mimi nilikuwa kitandani, nyuma ya mbao. Nilisikia vikombe vikipangwa na Metroni akisema anampenda yule binti, hana kiburi, lakini ukweli usemwe, damu inaanza yeye anaota moto. Daktari akauliza alikaa kwenye jiko muda gani. Metroni akasema kwa mujibu wa mhudumu, dakika kadhaa. Mtu mwingine, nadhani katibu, akasema watu wa pwani hawaiwezi kazi ya huku, si kosa lao. Daktari akauliza kuhusu dawa, kama ilikuwa nzima. Nilikaa kitako. Metroni akajibu kwamba dawa ilikuwa nyeupe safi, haijapita muda wake, na imetunzwa kwenye baridi siku zote. Walimimina chai nyingine. Ningeweza kugonga ule ukuta kwa kidole tu, wangenisikia. Wakaamua aondolewe kwenye uzazi, apelekwe Getanuwas kuchanja watoto.

Kesho yake, kabla Rehema hajaondoka, niliihamisha trei ya kazi ya wodi kwenye kabati lenye giza. Nilimwambia Metroni kwamba dirishani kunaingia inzi, akakubali. Vichupa vya utafiti nikaviacha palepale juani. Najua kwamba baada ya hapo akina mama wengine walichomwa dawa nzima, na kuna watu wazima pale Dongobesh leo ambao mama zao walipona kwa sababu ya uongo wangu wa inzi. Nimejaribu kujifariji kwa jambo hilo. Halifariji.

Mwezi wa tisa nilishuka Getanuwas kuchukua vichupa vya kopo la biskuti, na nikamkuta Rehema. Mashamba ya ngano yalikuwa yamevunwa, vumbi limejaa, jua kali alilokuwa akiliomba amelipata. Alifurahi kuniona kiasi kwamba alichinja kuku wake wa pekee. Tulikula chini ya kibaraza, na wanawake wa wafugaji walikuwa wanamletea watoto wa chanjo na maziwa kwenye vibuyu. Nilimuuliza kama pale huwa anasaidia kuzalisha, maana mganga alikuwa peke yake. Alisema hapana. Alisema mama akija na uchungu yeye hutoka nje.

"Mikono yangu siiamini tena, Paska," alisema. "Nilikaa kwenye lile jiko. Wewe unajua nilivyokuwa nalipenda lile joto."

Nilikuwa na pande la nyama mdomoni. Nilimeza, nikamwambia asijilaumu, ni mipango ya Mungu. Maneno ya bure kabisa, yasiyomgharimu msemaji kitu. Alitikisa kichwa, akaniongezea mchuzi. Niliporudi nilipima dawa ya Getanuwas, ile tuliyoionea huruma, na doa lake lilikuwa la buluu, moja, karibu sawa na la friji.

Ripoti iliandikwa mwisho wa mwaka, safi, na vibao vyangu vilichorwa ndani yake. Ilishauri dawa ikingwe na mwanga, hata kwenye nyanda za baridi. Martha hakutajwa, kwa kuwa hakuwa sehemu ya utafiti. Nilipata chuo. Nimefanya kazi ya maabara miaka zaidi ya thelathini, nimefundisha vijana wengi jinsi ya kuchungulia doa la pili, na kila mmoja nimemwambia kwamba dawa haitoi taarifa inapovunjika. Wananiandikia hivyo kwenye kadi za kustaafu, wanaona ni hekima.

Nilifika Katesh siku ya pili baada ya maziko. Nyumba ya Rehema ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa, wanawake wamekaa kwenye mikeka chumba cha mbele. Binti yake, Mwanaidi, alinipokea kwa shikamoo na kunikalisha karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina sentensi zangu. Lakini yeye ndiye aliyeanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, kuhusu mama yake. Alisema hakurudi tena kwenye uzazi mpaka anastaafu. Alisema wao wenyewe wakiwa wajawazito mama yao hakukubali kuwagusa tumbo. Na alisema kila mwaka, mwezi wa sita, alipanda gari kwenda bondeni kule Mbulu kuwaomba radhi watu wa yule mama aliyemfia. Mwanzoni hawakutaka kumwona. Yeye akaendelea kwenda. Mwishowe yule mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye aliyemwingiza ndani.

"Yupo hapa," Mwanaidi aliniambia. "Elizabeti. Alikuja juzi na gari la kwanza. Ndiye aliyemwosha mama pamoja na sisi."

Nilimtazama mwanamke aliyekuwa anapita kati ya mikeka na jagi la maji na beseni, akinawisha wageni kabla ya chakula. Mrefu, kitenge kimefungwa imara, uso wa Safari kabisa. Aliponifikia alipiga goti moja, akaniamkia, nikaitika. Mwanaidi akamwambia kwamba mimi nilifanya kazi na mama pale misheni, mwaka uleule. Elizabeti alinimiminia maji mikononi bila haraka. Kisha akaniuliza, kwa heshima, na macho yakiwa kwenye beseni:

"Mama, mimi nilimsamehe zamani, ila hakuamini. Kwani ni kweli alichelewa?"

Kati ya sentensi zangu za njiani sikuikumbuka hata moja.

"Hapana," nilisema. "Hakuchelewa. Dawa aliyopewa ilikuwa imekufa, na mimi nilijua. Nilikuwa na nyingine nzima. Aliyechelewa ni mimi."

Maji yaliendelea kutoka kwenye jagi kidogo, kisha aliliinua. Elizabeti alinipa kitambaa cha kufutia mikono, akangoja mpaka nimemaliza, akakipokea.

"Tumemzika juzi, mama," alisema, akamgeukia mgeni aliyefuata.